Programu ya CFA: Tathmini kwa Anayesitasita kati ya Shahada ya Uzamili na Kazi ya Fedha

Mhitimu wa shahada ya kwanza anayetaka kuingia katika fani ya fedha na uwekezaji hukabiliwa na njia mbili: kurudi darasani akasome shahada ya uzamili, au kutafuta kazi mara moja na kujifunzia huko huko kazini. Kati ya njia hizo kuna bidhaa moja inayonadiwa kuwa inawafaa wa huku na wa kule, nayo ni programu ya CFA (Chartered Financial Analyst, hati ya wachambuzi wa uwekezaji), yaani mitihani mitatu inayotungwa na kusimamiwa na CFA Institute, taasisi yenye makao makuu Charlottesville, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Tathmini hii inaipima programu hiyo kama inavyopimwa bidhaa nyingine yoyote: mnunuzi anapata nini, analipa nini zaidi ya ada iliyotangazwa, na ni nani aiache ilipo. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: ni bidhaa nzuri sana kwa mtu aliyekwisha kuajiriwa, ni ya kadiri kwa mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho, na ni hasara kwa yule anayejifungia nayo chumbani ili apate sababu ya kutoomba kazi.

Wazo la kuwapima wachambuzi wa hisa kwa mtihani lilipigiwa debe tangu miaka ya 1940 na Benjamin Graham, mwekezaji aliyekuwa pia akifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mtihani wa kwanza ulifanyika mwaka 1963. Kwa miongo mingi ulikuwa wa karatasi na penseli, na aliyeanguka ngazi ya pili au ya tatu alingoja mwaka mzima kabla ya kurudia. Mwaka 2021 ulihamishiwa kwenye kompyuta. Sasa ngazi ya kwanza hufanyika mara nne kwa mwaka, yaani Februari, Mei, Agosti na Novemba, ya pili mara tatu, na ya tatu mara mbili. Kwa mtu mwenye ajira, ambaye hawezi kujua miezi kumi mapema iwapo mwisho wa robo ya mwaka utamkuta na kazi nyingi au chache, badiliko hilo lina uzito kuliko marekebisho yote ya mtaala yaliyofanywa katika kipindi hicho.

Ngazi ya kwanza ina maswali 180 yanayojibiwa kwa vipindi viwili vya saa mbili na robo kila kimoja, ambayo ni sawa na sekunde 90 kwa swali. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha nafasi tupu ni kujinyima bure. Masomo ni kumi: maadili ya taaluma, hesabu za takwimu, uchumi, masuala ya kampuni, uchambuzi wa taarifa za fedha, hisa, hatifungani, mikataba inayotokana na mali nyingine, uwekezaji mbadala, na usimamizi wa jalada la uwekezaji, yaani mkusanyiko wa mali zilizowekezwa. Maadili peke yake huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya mtihani, na watahiniwa wengi huyaacha hadi wiki ya mwisho wakidhani ni mambo ya busara ya kawaida. Si hivyo. Maswali yake hayamuulizi mtu kama wizi ni mbaya. Yanamuulizia mchambuzi aliyealikwa na kampuni anayoichambua, akalipiwa ndege na hoteli, kisha akaandika ripoti ya kuisifu, na mtahiniwa anapaswa kusema ni kifungu gani kimevunjwa, au kama hakijavunjwa chochote.

Ili msomaji aone ubora wa mtihani wenyewe ulipo, nitaje aina ya swali ambalo hujitokeza katika uchambuzi wa taarifa za fedha. Kampuni mbili zinauza bidhaa ileile kwa bei ileile, na bei za kununulia zinapanda. Ya kwanza huhesabu kwamba bidhaa iliyoingia ghalani mwanzo ndiyo iliyouzwa mwanzo. Ya pili huhesabu kwamba iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa mwanzo. Ni ipi itakayoonyesha faida kubwa zaidi? Ni ya kwanza, kwa sababu gharama inayopelekwa kwenye taarifa ya mapato ni ile ya zamani iliyokuwa ndogo. Anayesoma kwa kukariri huishia hapo. Lakini swali linaweza kuendelea: iwapo kodi hutozwa kwa faida hiyohiyo iliyoonyeshwa, ni kampuni ipi iliyobakiwa na fedha nyingi zaidi mkononi? Hapo jibu linageuka, kwa kuwa iliyoonyesha faida ndogo ndiyo iliyolipa kodi ndogo. Mtaala unaongeza kwamba utaratibu huo wa pili unaruhusiwa katika kanuni za uhasibu za Marekani na umekatazwa katika viwango vya kimataifa, kwa hiyo mchambuzi anayelinganisha kampuni za pande hizo mbili hana budi kurekebisha hesabu kabla ya kusema lolote. Nimekaa katika vikao vya kazi ambamo watu wenye shahada za uzamili walikuwa wakilinganisha faida za kampuni za namna hiyo pasipo marekebisho yoyote, na hakuna aliyeshtuka.

Kuna pia jambo la kikokotoo, ambalo wanaouza kozi za matayarisho hawalipi uzito unaostahili. Mtahiniwa anaruhusiwa kuingia na aina mbili tu: BA II Plus ya Texas Instruments, na HP 12C, ambayo imekuwapo tangu 1981 na haina kitufe cha alama ya sawasawa kama tulivyozoea, bali mtu huingiza namba kwanza kisha tendo. Wengi huchagua BA II Plus. Ikitoka dukani, kikokotoo hiki huonyesha desimali mbili tu, na hufanya hesabu kwa mpangilio wa kubonyezwa kwake, hivi kwamba ukiandika 2 jumlisha 3 mara 4 kitakujibu 20 badala ya 14. Mtu asiyebadilisha mpangilio huo siku ya kwanza ya kujisomea atakosa maswali ambayo anayajua kabisa, naye atadhani tatizo ni uelewa wake wa thamani ya sasa ya fedha. Nunua kikokotoo kabla ya kununua kitabu chochote, na mazoezi yote yafanyie hapo, si kwenye simu.

Sasa tuje kwenye gharama. Ada hutozwa kwa dola, hulipwa kwa kila ngazi, na hupungua kwa anayejisajili mapema. Taasisi hutoa pia ufadhili wa kupunguza ada kwa wasio na uwezo, na ni vyema kuuomba kabla ya kulipa chochote. Hata ikilipwa nzima, ada ya ngazi zote tatu ni ndogo mno ikilinganishwa na karo ya uzamili katika vyuo vyenye jina. Gharama kubwa ni saa. Taasisi yenyewe huwashauri watahiniwa watenge takriban saa 300 kwa kila ngazi, yaani 900 kwa zote tatu iwapo hataanguka hata mara moja. Mtu anayefanya kazi mchana akaweza kutoa saa 15 kwa wiki, kwa mfano saa mbili kila jioni ya siku za kazi na tano mwishoni mwa wiki, atahitaji wiki 20 kwa ngazi moja. Hizo ni wiki 20 ambazo harusi za ndugu, mechi na usingizi wa Jumamosi asubuhi vyote vinaomba ruhusa kwanza. Nasema haya bila kuwatisha watu. Nayasema kwa sababu matangazo hutaja ada na kunyamazia saa, ilhali ada inaweza kukopwa na saa hazikopeki.

Na kufaulu si jambo la hakika. Kati ya mwaka 2022 na 2024, waliofaulu ngazi ya kwanza katika kila msimu walikuwa kati ya asilimia 35 na 46 ya waliofanya. Mwaka 2021, mtihani ulipokuwa umehamia kwenye kompyuta katikati ya janga la korona, kiwango kilishuka hadi asilimia 25 mwezi Mei na 22 mwezi Julai. Takwimu hizi husomwa vibaya na pande zote mbili. Wanaoutukuza mtihani huzitumia kuthibitisha kwamba ni mgumu kupindukia, na wanaouogopa huziona kama bahati nasibu. Ukweli ni kwamba ndani ya kundi hilo wamo wengi waliojisajili kwa shauku, wakasoma theluthi moja ya mtaala, wakaenda kujaribu. Hesabu na uhasibu wa ngazi ya kwanza hauzidi sana ule wa shahada nzuri ya kwanza. Kinachoelemea ni wingi wake, na mkanganyiko wa kubeba masomo kumi kwa pamoja hadi siku moja. Ngazi ya pili ndiyo yenye kina. Ina maswali 88 yaliyofungwa kwenye visa vinavyoeleza kampuni au jalada fulani, na mtu hawezi kuipita kwa kutambua tu jibu lenye sura ya kufanana. Ngazi ya tatu inaongeza kuandika majibu kwa maneno yako mwenyewe, jambo linalowashangaza waliokwisha kuzoea kuchagua.

Mtahiniwa anaruhusiwa kujaribu kila ngazi mara sita. Naona idadi hiyo ni ya ukarimu wenye madhara. Aliyeanguka ngazi ya pili mara tatu huwa amekwisha kutumia saa nyingi kiasi kwamba anajiona hawezi kuacha, wakati swali linalomfaa ni kama saa 300 zijazo zitamfikisha mahali, na wala si ngapi zimekwisha kupita. Inashangaza kwamba mtaala uleule humfundisha asizihesabu gharama zilizokwisha kuzama anapoamua juu ya mradi wa kampuni.

Jambo la msingi kuliko yote kwa anayesitasita kati ya masomo na ajira, ambalo watu wengi huligundua wakiwa wamechelewa, ni hili: kufaulu mitihani mitatu hakumpi mtu hati. Ili aruhusiwe kuandika herufi hizo tatu baada ya jina lake, anahitaji pia saa 4,000 za kazi inayohusu maamuzi ya uwekezaji, zilizopatikana katika muda usiopungua miezi 36, pamoja na barua za watu wanaomfahamu kikazi, na kisha kulipa ada ya uanachama kila mwaka na kutia saini tamko la maadili. Maana yake ni kwamba bidhaa hii haikuundwa ishindane na kazi. Iliundwa iende sambamba nayo. Anayeichukua kama shahada ya mezani, akangoja amalize ngazi zote ndipo aombe kazi, atajikuta mbele ya mwajiri akiwa na karatasi tatu za kufaulu, hana siku hata moja ya uzoefu, na anashindana na vijana wa umri mdogo kuliko wake waliofanya mafunzo kwa vitendo miezi mitatu katika kampuni hiyohiyo.

Je, shahada ya uzamili ya fedha inatoa nini ambacho programu hii haitoi? Wengi hudhani ni elimu ya juu zaidi, na hapo ndipo kulinganisha kunapoharibika. Kwa upande wa mada, uzamili wa mwaka mmoja na ngazi mbili za mwanzo za CFA hukutana kwa sehemu kubwa, na vyuo vingi vimeoanisha mtaala wao na wa taasisi hiyo, tena vikajivunia jambo hilo katika vipeperushi vyao. Kinachouzwa na chuo kizuri ni mambo mengine. Kwanza ni msimu wa kuajiri: benki kubwa za uwekezaji huwachukua wachambuzi wapya kwa makundi, kwa ratiba maalumu, nyingi zikiwachagua kutoka miongoni mwa waliofanya nazo mafunzo kwa vitendo, na aliye nje ya chuo hana ratiba hiyo wala mafunzo hayo. Pili ni wanafunzi wenzake, ambao baada ya miaka kumi watakuwa wameketi katika ofisi ambazo yeye atataka kupigia simu. Tatu ni haki ya kukaa. Nchini Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi huweza kuruhusiwa kufanya kazi kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na kuongezewa 24 iwapo shahada yake imo katika kundi la sayansi, teknolojia na hisabati. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vimehakikisha uzamili wao wa fedha unahesabiwa katika kundi hilo. Hakuna mtihani wa kompyuta unaoweza kumpa mtu viza.

Mwanauchumi Michael Spence alionyesha mwaka 1973, katika kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001, kwamba elimu inaweza kuongeza mshahara wa mtu hata pale ambapo haikumwongezea ujuzi wowote, kwa sababu mwajiri asiyeweza kuuona uwezo wa ndani huitumia kama ishara: mwenye uwezo huona masomo kuwa mepesi, asiye nao huyaona magumu, basi aliyeyamaliza hudhaniwa kuwa nao. Kwa kipimo hicho, hati ya CFA ni ishara safi kuliko uzamili. Haina karo kubwa inayoweza kulipwa na mzazi, haina mwalimu wa kumhurumia mwanafunzi, wala haina kazi ya kikundi ya kujifichia. Lakini ishara husaidia pale tu inaposomwa, na si kila dawati la fedha linaisoma hii. Mameneja wa mifuko ya uwekezaji, watafiti wa hisa, washauri wa mifuko ya pensheni na watunza mali za watu binafsi wanaijua vizuri, na baadhi yao hawampandishi mtu cheo bila hiyo. Wanaoshughulikia ununuzi na muunganiko wa kampuni huiheshimu bila kuihitaji. Kwa mkaguzi wa hesabu au meneja wa fedha wa kiwanda, vyeti vya uhasibu hubeba uzito mkubwa zaidi. Na anayelenga usimamizi wa vihatarishi vya benki atazame kwanza FRM (Financial Risk Manager), hati ya wasimamizi wa vihatarishi, ambayo ina sehemu mbili badala ya tatu na inagusa kazi yake moja kwa moja.

Hesabu ya uzamili yenyewe inaweza kufanywa kwa kikokotoo kilekile. Tuchukulie kwamba karo na maisha ya mwaka mmoja ni sawa na mshahara wa mwaka mmoja ambao mtu angeupata kama angeanza kazi, na kwamba mshahara huo ataukosa kwa kuwa yuko darasani. Jumla yake ni mishahara miwili. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 8 kwa mwaka, yaani kile kinachotumika kuzigeuza fedha za baadaye ziwe thamani ya leo, na kipindi cha miaka 20 baada ya kuhitimu, nyongeza ya shilingi moja kwa mwaka ina thamani ya takriban shilingi 9.8 siku ya kuhitimu. Gawanya mbili kwa 9.8, na utaona kwamba uzamili huo lazima umwongezee mshahara kwa zaidi kidogo ya asilimia 20 kila mwaka, kwa miaka yote 20, ndipo arudishe alichotoa bila faida. Akipata ufadhili wa gharama zote, ukabaki mshahara uliokosekana peke yake, kizingiti kinashuka hadi asilimia 10 hivi. Ni hesabu ya juu juu, haikutia kodi wala upandaji wa kawaida wa mishahara, na kuna vyuo ambavyo wahitimu wake huvuka kizingiti hicho katika ajira ya kwanza. Lakini kwa uzamili wa chuo kisichojulikana na waajiri unaowalenga, asilimia 20 kwa miaka 20 ni ahadi nzito, na sijakutana na kipeperushi kinachoitoa waziwazi.

Shahada ya uzamivu ni jambo tofauti kabisa, ingawa huchanganywa humu. Vyuo vingi vya Marekani huwalipia wanafunzi wao wa uzamivu karo na kuwapa posho ya kujikimu, kwa hiyo hesabu ya hapo juu hubadilika; kinachotolewa ni miaka mitano hivi ya ujana, kwa masomo yaliyokusudiwa kumtengeneza mtafiti. Anayeipenda hisabati kwa dhati asidanganywe na programu ya CFA. Mwanahisabati Jim Simons alipoanzisha kampuni ya uwekezaji ya Renaissance Technologies mwaka 1982, aliijenga kwa kuajiri wanahisabati, wanafizikia na wataalamu wa takwimu badala ya watu wa soko la hisa, na kampuni za biashara ya hisa kwa kompyuta zinaendelea kutafuta watu wa aina hiyo. Huko, kujua ni kifungu gani cha maadili kimevunjwa na mchambuzi aliyelipiwa hoteli hakumfungulii mtu hata chumba cha usaili.

Kasoro za programu yenyewe si chache. Kwa miaka mingi mtu aliweza kuifaulu yote pasipo kufungua lahajedwali hata mara moja, wakati kazi ya mchambuzi mchanga karibu yote imo humo. Tangu 2024 taasisi imeweka moduli za vitendo, ambapo mtahiniwa wa ngazi ya kwanza huchagua kati ya kujenga modeli za fedha na misingi ya lugha ya kompyuta ya Python, na ni lazima amalize moja. Tangu 2025 ngazi ya tatu imegawanywa katika mikondo mitatu, ambayo ni usimamizi wa jalada, utajiri wa watu binafsi, na masoko yasiyo ya hadhara. Ni hatua nzuri, ila moduli hizo bado ni za kuonja. Anayemaliza moduli ya modeli hataweza, kesho yake, kuchukua taarifa za miaka mitano za kampuni ya saruji na kujenga makadirio yanayofunga mizania bila kushikwa mkono. Kasoro ya pili ni upweke. Darasani mwanafunzi anaposema kwamba kampuni fulani ni ya bei rahisi, kuna mtu wa kumuuliza kwa nini, na akijibu anaulizwa tena. Mtihani hauulizi tena. Mtu hutoka na msamiati mpana pamoja na kujiamini kwingi, bila kuwahi kulazimishwa kutetea wazo lake mbele ya asiyekubaliana naye.

Hata hivyo, kwa aliye na ajira, nusu ya kasoro hiyo hujifuta, kwa kuwa ofisini kuna wa kumuuliza. Ndiyo sababu naipendekeza kwa nguvu kwa mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili kazini, hasa aliyeingia kupitia mlango wa pembeni, tuseme idara ya uendeshaji ya benki au ofisi ya ukaguzi, na anataka kusogea karibu na maamuzi ya uwekezaji. Atasoma hatifungani usiku na kuziona kwenye mfumo asubuhi. Saa zake 4,000 zitaanza kuhesabiwa pindi kazi yake itakapogusa maamuzi hayo, na mshahara haujakatika. Akifika katikati ya ngazi ya pili akagundua kwamba kusoma taarifa za fedha kunamchosha hadi anatafuta visingizio, atakuwa ameujua ukweli juu ya nafsi yake kwa bei ndogo kuliko ile ambayo angeujulia katika muhula wa pili wa uzamili aliokopea.

Kwa mwanafunzi, programu inamruhusu kufanya mtihani wa ngazi ya kwanza ikiwa imebaki miezi 23 au pungufu kabla ya kuhitimu. Kufaulu ngazi hiyo kabla ya usaili wa kwanza ni jambo la maana kwa aliyesoma fani nyingine, kwa mfano uhandisi au lugha, kwani kunamjibia mwajiri swali la kwa nini fedha. Kwa aliyesoma fedha yenyewe, miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo ina thamani kuliko ngazi ya kwanza, na vikigongana achague mafunzo bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu mpangilio wa hatua, kuna tofauti moja kati ya aina mbili za uzamili ambayo ingefaa kuzingatiwa kabla ya kukata shauri. Uzamili wa fedha kwa kawaida huwalenga waliohitimu karibuni, kwa hiyo nafasi ya kuupata na faida yake hupungua kadiri miaka ya kazi inavyoongezeka. MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, ni kinyume chake: vyuo vinavyoheshimika hupenda mwombaji mwenye miaka kadhaa ya kazi, na mhitimu wake huingia katika benki ya uwekezaji kwa ngazi iliyo juu ya mchambuzi mpya. Kwa hiyo anayeanza kazi leo hajaufunga mlango wa darasa. Amebadilisha tu ni darasa lipi. Alama za GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara ambao tangu toleo lake jipya la mwishoni mwa 2023 una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hutumika kwa miaka mitano, na za GRE, mtihani mwingine wa kuombea uzamili, vivyo hivyo. Aliyetoka chuoni na hesabu bado zimo kichwani anaweza kuufanya mmoja wa mitihani hiyo sasa hivi, akaziweka alama zake kando, akaripoti kazini, akajisajili ngazi ya kwanza ya CFA kwa msimu wa mwaka unaofuata, na uamuzi wa kurudi chuo akauacha hadi alama hizo zikaribie kuisha muda.